Eda Katika Hoteli ya Marlstone

Sinan fundi magari alipofariki, mkewe Mahbuba alikaa na kioo chake kikimtazama. Watu walijaa nyumbani kwao Wadi Kabir, wakasoma khitma, wakala, wakaondoka. Yeye akabaki chumbani akisubiri mlango ubishwe kwa namna aliyoizoea kila mwanamke wa Kizanzibari wa Maskati: kubisha kwepesi, kikohozi kifupi, kisha anaingia mwanamke mwembamba mwenye furushi la nguo nyeupe kwapani, anavua viatu, hasemi pole, anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya kujipambia na kukigeuza kioo kikatazama ukuta. Mahbuba alisubiri sana. Baadaye akakumbuka kwamba mwanamke huyo naye ameshakufa. Akainuka, akakitundikia kioo khanga kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Mwanamke huyo alikuwa Masouda binti Hilal. Kwa miaka mingi, Hamriya, Wadi Kabir au Khuwair, mume akifa Masouda hufika. Mjane kwetu hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Hayo kila mtu anayajua. Namna ya kuyapitisha hayo masiku yenyewe ndiyo ilikuwa haijulikani, na hiyo ndiyo aliyoifundisha Masouda: kazi gani ishikwe mkono usitetemeke, chakula gani kinapita kooni, wageni gani waambiwe mjane amelala.

Mjane mmoja kijana aliyesoma chuo aliwahi kumwambia, "Bi Masouda, hili la kioo halimo kwenye sharia. Nimemuuliza sheikh."

"Nnajua halimo," Masouda akajibu huku akikigeuza. "Mwambie sheikh siku akifiwa na mume aje tuzungumze."

Mjane yule alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka, na Masouda akamwambia cheka tu, kicheko hakivunji eda.

Na huyu aliyewakalisha eda nusu ya wanawake wa mji, jamaa za mumewe walisema yeye mwenyewe hakukaa.

*

Mumewe aliitwa Msellem. Walioana Unguja mwaka uliotangulia mapinduzi, na mapinduzi yalipokuja waliondoka na walichovaa. Jamaa wengine walitawanyika Bara Arabu. Wao wawili walifika Uingereza, kwa sababu Msellem alikuwa amepata nafasi ya kusoma. Masomo hayakudumu. Aliyekuwa asomee uhandisi akawa mpishi katika hoteli moja ya kale mashambani, upande ule wa Uingereza unaopakana na Welsi. Hoteli ya Marlstone ilikuwa nyumba ya mawe iliyofunikwa na mimea ya kutambaa, yenye sakafu za mbao zilizopinda na mabomba yanayoguna. Mwenyewe alikuwa bibi wa Kizungu aliyeitwa Whitlock, mjane wa vita, mwanamke wa maneno machache. Aliwapa chumba darini. Msellem alipika chini, Masouda alishona na kupiga pasi mashuka.

Msellem alikufa katika majira ya baridi, kwa homa ya mapafu, mtoto bado hawajapata. Mabaharia wa Kiarabu na wa Kizanzibari waliokuwa wakiishi Cardiff walikuja na gari, wakamwosha, wakamsalia, wakamchukua kumzika huko kwao penye makaburi ya Waislamu. Walimtaka Masouda afuatane nao. Kulikuwa na wanawake wa Kiislamu kule, msikiti, wali wa nazi hata. Akakataa. Mama mkwe wake alikuwa amemfundisha Unguja, yeye na mawifi zake wakiwa wameketi kwenye mkeka mmoja, kwamba mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, awe amepapenda au hakupapenda. Nyumba yake na Msellem ilikuwa chumba cha darini pale Marlstone. Akabaki.

Mabaharia walirudi na habari kama walivyoiona. Habari ikatoka Cardiff ikafika Dubai, ikatoka Dubai ikafika Maskati kwa mama mkwe, na kila ilipopita ilizidi kuvimba: mke wa Msellem amekataa kwenda kwa Waislamu wenzake, amechagua kubaki hotelini, penye Wazungu na pombe, na mumewe hata kaburi halijakauka.

Masouda alipofika Maskati, miaka ya sabini, mama mkwe alimpokea akiwa amekaa na hakusimama.

"Nilikaa, mama," Masouda akasema. "Nilikaa palepale alipofia, kama ulivyonifundisha."

"Nani shahidi wako?"

Shahidi alikuwa bibi wa Kizungu aliyekwisha kufa. Mama mkwe aliishi miaka mingine mingi na hakumpa radhi, na alipokufa aliuacha mzigo ule kwa binti yake Sayyida, dada wa Msellem, aliyeubeba kama amana.

Masouda hakuolewa tena. Alipata kazi katika chumba cha mashuka cha hoteli moja Ruwi na akaifanya hadi alipostaafu. Alikaa Hamriya, juu ya duka la vitambaa, mlango kwa mlango na Truphena, Mkenya aliyekuwa akisuka watu saluni. Kila Idi alikwenda Khuwair ya Kusini nyumbani kwa wifi yake, akakaribishwa halwa na kahawa kama anavyokaribishwa mpita njia. Na kila alipotoka kwa mjane mmoja kwenda kwa mwingine na furushi lake, Sayyida alisema, bila kuteremsha sauti, "Analipa deni."

"Mama Masouda, kwani kule unaenda kufanya nini kila Idi?" Truphena alimwuliza. "Unarudi umenuna mpaka nashindwa kukusalimia."

"Naenda kuonekana," akasema Masouda. "Nisipokwenda watasema nimekiri."

*

Mwaka wa elfu mbili na tatu Khawla, binti wa Sayyida, alirudi kutoka Uingereza alikokuwa akisoma. Idi ile ukumbi wa wanawake ulijaa, na kila mtu alitaka hadithi. Khawla alikuwa msimuliaji. Alisimulia kwa mikono, kwa macho, kwa sauti tatu tofauti.

"Sasa nikwambieni la mizuka," akasema. "Wenzetu wana hoteli za kale huko mashambani, kila moja na mzuka wake. Sisi nyumba ikiwa na jini tunamwita mtu wa kulitoa. Wao wanalipa kulala nalo!"

"Astaghfirullah," akasema mmoja.

"Wallahi wanalipa. Rafiki zangu walinipeleka moja, inaitwa Marlstone. Mhudumu anakuletea supu na mizuka yake. Kuna padri anapita ukutani kule chini kwenye mvinyo. Kuna mtoto anacheka ngazini. Kuna dereva wa gari la farasi hana kichwa."

"Hana kichwa, anaendeshaje?"

"Farasi wanaijua njia, shangazi! Lakini hao wote wa bure. Mwenye chumba chake, chumba ghali kuliko vyote, ni Bibi Harusi. Wanasema miaka mia tatu nyuma alikuwa aolewe, na mchumba wake akauawa vitani siku ya harusi. Basi anatembea kabla ya alfajiri, kajifunika nyeupe gubigubi, anashuka kutoka darini mpaka ukumbi wa pili, anaomba dua kwa Kilatini. Vioo havitaki. Asubuhi wageni wanakuta kioo cha ukumbini kimegeuzwa. Na mwanamume akimtokea, hamtazami. Anageukia ukuta, anaweka kiganja hivi, anasimama mpaka huyo mwanamume arudi chumbani kwake. Walinionyesha mahali penyewe. Karatasi ya ukuta imechakaa, umbo la kiganja kabisa."

Wanawake walishusha pumzi. Mwingine akasema yeye hata kwa kulipwa halali hapo.

Masouda alikuwa karibu na mlango, mahali alipokaa siku zote, kikombe mkononi. "Ile karatasi ya ukuta," akasema, "ina maua ya buluu."

Khawla akageuka. "Ewe! Umejuaje, mkaza mjomba?"

"Choo kilikuwa ukumbi wa pili. Juu darini hapakuwa na maji. Nilikuwa nashuka kutawadha wageni wakiwa wamelala." Alizungumza taratibu, kama mtu anayeeleza njia. "Bibi Whitlock alikuwa akiniwekea chakula kwenye ngazi na mashuka ya kushona. Kioo cha ukumbini nilikuwa nakigeuza nikipita, mara nyingine nikisahau kukirudisha. Nilikuwa nikisoma Yasini njiani, kwa kuogopa. Huyo mzuka ni mimi. Nilikuwa nimekaa eda."

Hapakuwa na mwanamke pale asiyejua lililokuwa likidaiwa kwa miaka yote ile, na wote wakamtazama Sayyida.

Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Kulikubali jambo lile kulikuwa na maana kwamba mama yake alikufa amemdhulumu mtu, amemnyima radhi mkwe aliyemtii kuliko binti zake mwenyewe. Sayyida aliweka sahani ya halwa chini.

"Miaka thelathini unatafuta shahidi, wifi," akasema, "na uliyemleta ni jini la Kizungu."

Mtu mmoja akacheka, kwa woga zaidi kuliko kwa furaha. Masouda akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kama desturi kuonyesha kwamba ametosheka, akaaga. Khawla alimfuata mpaka kwenye gari la teksi, akamwambia, "Miye nimekuamini."

"Ahsante, mwanangu," akasema Masouda. "Lakini hukuwa wewe niliyekuwa nikikutaka uniamini."

Idi iliyofuata hakwenda, wala iliyofuata hiyo.

*

Bakhit, mume wa Sayyida, alikufa mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na tano. Alikuwa mtu mpole, mstaafu wa wizara, aliyekuwa akimpelekea Masouda tende kila msimu bila mkewe kujua. Masouda alikuja msibani pamoja na watu. Furushi lake alilileta. Lakini hakulipeleka chumbani, aliliacha kwa Khawla jikoni, akasema, "Akilitaka, mpe. Asipolitaka, usimwambie nani kaleta." Khawla alimvisha mama yake nguo zile nyeupe na hakusema zimetoka wapi.

Sayyida alikaa eda yake kwa ukali. Alikuwa amemhukumu mwenzake. Hakuwa na nafasi ya kuteleza hata kidogo. Hata simu ya mwanamume hakuishika.

Ilikuwa mwezi wa nne wa eda, baada ya Adhuhuri, joto la Mei limekaza, na kiyoyozi cha sebuleni kimekufa. Khawla alimwita fundi kutoka Wadi Kabir, akamwelekeza chumba, akaenda mlangoni kumlipa mtu wa maji. Fundi huyo, Enos, kijana wa Kikenya mwenye ngazi begani, akakosea mlango. Sayyida alikuwa anatoka kutawadha, kajifunika nyeupe gubigubi, maji yakimchuruzika usoni. Wakakutana kwenye ujia.

"Yesu wangu!" Enos akapiga ukelele, na ngazi ikaanguka.

Sayyida hakupiga ukelele. Mwili wake ulifanya peke yake jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Ukageuka ukutani, mkono ukapanda, kiganja kikatua kwenye plasta. Alisimama hivyo akimsikia yule kijana akiokota spana zake, akiomba samahani kwa lugha tatu, akirudi nyuma. Alisikia mlango. Hakugeuka. Alikuwa akitazama mkono wake mwenyewe.

Hakuna sharia iliyomwambia aweke kiganja ukutani. Wala si desturi ya Wazanzibari wengine. Wengine hujifunika tu uso, wengine hurudi ndani. Ilikuwa ya nyumbani kwao tu, ya mama yake, aliyokuwa akiwaonyesha kwenye mkeka ule Unguja: mwanamume akikutokea ghafla shika ukuta, kwa sababu mwanamke aliyefunga siku nyingi kwa huzuni akigeuka kwa haraka huona kizunguzungu. Mama yake aliwafundisha binti zake, na mke wa mwanawe. Hakuna mwingine duniani aliyefundishwa.

Khawla alimkuta hapohapo.

"Mama, yule fundi kashuka ngazi anakimbia," akasema, akijizuia kucheka. "Yuko kwenye gari anawaambia wenziwe nyumba hii ina kitu. Wameshakufanya jini, mama."

Kisha akaona kwamba mama yake analia, na jinsi mkono ulivyo.

"Nenda kamlete wifi yangu," akasema Sayyida. "Mwambie nnamwomba. Mwambie hivyo hivyo, nnamwomba."

Khawla alikuwa akitafuta funguo za gari lango lilipobishwa. Alikuwa mwanamke asiyemjua, mrefu, na kitambulisho cha saluni shingoni.

"Mimi ni Truphena, jirani ya Mama Masouda," akasema. "Amelazwa tangu jana, ni moyo. Ameniambia nisije kuwasumbua. Mimi nikaona kusumbuliwa ni afadhali kwenu kuliko kuambiwa baadaye."

*

Hospitalini Masouda alikuwa macho. Alionekana mdogo kitandani kama nguo iliyokunjwa. Khawla alimshika mkono na kumweleza yote, fundi, ngazi, kiganja. Na alipofika pale pa "Yesu wangu," mgonjwa akatabasamu.

"Mama anakuomba radhi," Khawla akasema. "Yake na ya bibi. Anasema anajua kwamba ulikaa."

Masouda akautazama mkono wake ulioshikwa.

"Radhi nilikuwa naitaka mimi," akasema. "Sikujua kama ninayo ya kutoa." Kisha akauliza, "Eda yake bado muda gani?"

"Haujabaki hata mwezi mmoja. Lakini anakuja, mkaza mjomba. Nimempigia simu. Sheikh amesema mgonjwa ni dharura, mchana anaweza kutoka. Amekwisha vaa."

"Mpigie tena. Mwambie asitoke."

"Lakini yeye mwenyewe..."

"Watu wana midomo, Khawla. Wataona mjane wa Bakhit barabarani na eda haijesha, nani atawaeleza alikuwa anakwenda wapi? Miye nnaijua kazi ya kuwaeleza." Alipumzika, akavuta pumzi. "Mwambie wifi yake kasema amalize. Akimaliza, aje."

Sayyida aliipokea simu hiyo akiwa mlangoni, baibui mwilini, viatu mkononi, gari likinguruma nje. Alisikiliza. Akauliza mara mbili kama hayo ni maneno ya Masouda mwenyewe. Halafu akavua baibui, akarudi chumbani, akakaa chini ukutani bila kutandika kitu. Katika maisha yake yote hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo wifi yake alikuwa amemtaka alifanye.

Masouda alikufa siku tatu baadaye, asubuhi, Truphena akiwa ameketi kando akimchana nywele. Khawla aliingia na wanawake wengine kumwosha. Truphena, kwa kuwa si Mwislamu, alisimama nje ya chumba na furushi la mwisho la nguo nyeupe, ambalo hakujua ampe nani. Sayyida hakuwapo. Alikuwa Khuwair, ndani, akiihesabu mitaa yote iliyomtenganisha na makaburi.

Siku aliyotoka eda, wanawake walipokusanyika nyumbani kwake kumwogesha na kumtia udi kama ada, aliwanyamazisha kabla hawajaanza.

"Wifi yangu Masouda alikaa eda ya kaka yangu," akasema. "Aliikaa peke yake, ugenini, tena vyema kuliko nilivyokaa miye hii yangu na nyumba imejaa watu. Mama yangu alikosea na miye nikakosea. Mkasimulie, kama mlivyosimulia lile la kwanza."

Wengine walisimulia. Lakini habari hii haikuwa na pombe wala Wazungu ndani yake, na haikufika mbali kama ile ya kwanza. Wapo mpaka leo, Dubai na kwingineko, wanaomjua Masouda kwa lile la zamani tu.

Khawla aliwahi kupiga simu Marlstone. Alimweleza msichana wa mapokezi kwamba Bibi Harusi wao alikuwa mshonaji wa mashuka kutoka Unguja, mjane, na kwamba alikuwa na jina. Msichana alisikiliza kwa adabu, akasema ni kisa kizuri kweli, akasema lakini wageni wamemzoea bibi harusi, kisha akauliza kama angependa kuweka nafasi ya chumba.

Masouda binti Hilal amezikwa Amerat, nyuma ya milima, mashariki ya makaburi. Kaburi lake lina mawe matatu, kama yalivyo makaburi ya wanawake wote huko, na halina jina.